Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi: Mwili Hauli Akiba ya Zamani

   

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii ya leo tukiwa hai. Wale tuliokuwa nao mwanzoni na leo hawapo tunawaombea mapumziko mema. Na nyinyi mliokuja kutuunga mkono, tunasema ahsanteni sana, karibuni Ngamiani, karibuni Tanga.

Taarifa ya fedha itasomwa na Mweka Hazina, na risala ya kikundi itasomwa na Katibu. Kwa hiyo sisi hapa hatutarudia habari ya hisa, mikopo na marejesho, maana mtaisikia mpaka mchoke. Tumeona leo tuseme neno juu ya kitu ambacho hakimo ndani ya sanduku letu, lakini kisipokuwepo sanduku lenyewe linakosa mwenyewe. Kitu hicho ni mwili. Tunataka kuzungumza juu ya mazoezi: namna ya kuyaanza, na zaidi namna ya kutoyaacha. Kuanza si kazi, jamani. Kazi ni kubaki.

Ndugu Mgeni Rasmi, labda utajiuliza, akina mama wa vikoba na mazoezi wapi na wapi? Tutakueleza. Katika kikundi chetu tuna mfuko wa jamii. Kila wiki kila mmoja anatia kidogo pembeni, na fedha hizo hatukopeshani, ni za kusaidiana kwenye shida. Miaka ya mwanzo mfuko huo ulikuwa wa misiba na uzazi. Tulikuwa na umri mdogo, wengine bado tunanyonyesha. Tulipofika mwaka wa tano Katibu akapitia daftari, akatusomea. Uzazi ulikuwa umepungua. Maombi yaliyojaa yalikuwa ya presha, kisukari, magoti na mgongo. Fedha tulizokuwa tunaziweka kwa shida zilikuwa zinaondoka kwa mlango huo huo kila mwezi.

Mwaka huo huo mwenzetu mmoja akapata kiharusi. Yuko hapa leo, amekaa mstari wa mbele, na ametupa ruhusa tuseme. Mama huyu hakuwahi kuchelewesha rejesho hata moja. Alikuwa anauza maandazi na chai, ameketi kwenye kigoda toka alfajiri mpaka saa nne, halafu anahamia kwenye cherehani mpaka jioni. Akiba yake ya miaka mitano iliondoka kwa miezi michache tu ya matibabu. Hatusemi mazoezi yangezuia yote, hayo anayajua Mungu. Lakini tulielezwa kwamba presha ilikuwa imepanda muda mrefu na yeye hakuhisi kitu. Presha ndivyo ilivyo, haigongi hodi. Basi siku ile tulirudi nyumbani kimya, kila mtu anajitazama miguu yake.

Kikao kilichofuata tuliulizana swali moja. Sisi tunaojua kuweka shilingi mpaka ikawa maelfu, kwa nini tusiweke na nguvu? Hapo ndipo habari hii ilipoanzia.

Tulimwalika mhudumu wa afya aje atufundishe kwanza, maana kuanza jambo bila kujua ni kupapasa gizani. Alitueleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Mtu mzima wa miaka 18 mpaka 64 anatakiwa apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Ukizigawa hizo 150 kwa siku tano, ni dakika 30 kwa siku. Na siku mbili au zaidi katika wiki afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli. Walio na miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi. Zamani ilisemwa mwendo usiopungua dakika kumi kwa mpigo ndio unaohesabiwa. Mwaka huo wa 2020 sharti hilo liliondolewa. Sasa hata dakika tano ni hisa, inaingia kitabuni.

Tukamuuliza, huo mwendo wa wastani tutaujuaje na sisi hatuna mashine? Akasema ni rahisi: ukiwa unatembea unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Watu wa Tanga tukacheka sana. Tangu siku hiyo kipimo chetu ndicho hicho. Ukimsikia mtu ameanza kuimba taarab njiani, basi tunamwambia, mama, kaza mwendo, bado hujaanza mazoezi.

Ndugu wananchi, liko neno ambalo tunalisikia kila siku kwa akina mama: mimi nafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena? Neno hili si la kudharau. Mama anayelima kwa jembe, anayechota maji kisimani, anayetembea na beseni la samaki kichwani mtaa hadi mtaa, huyo mwili wake umekwisha pata haki yake na hana haja ya kuhubiriwa. Lakini tutazame vizuri kazi zetu wengi wa hapa mjini. Kukaanga, kushona, kukaa gengeni, kukaa dukani. Tunachoka, ni kweli. Lakini tumechoka kwa kukaa. Kuchoka ni kitu kingine, na mwili kufanya kazi ni kitu kingine.

Binti wa mwenzetu mmoja anasoma uuguzi, alitusomea habari moja ambayo hatujaisahau. Kule London, Uingereza, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Matokeo yakachapishwa mwaka 1953. Dereva anakaa kutwa nzima kwenye usukani. Kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Basi ni moja, mji ni mmoja. Wakakuta makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Sasa kila mmoja wetu hapa ajiulize: katika maisha yangu, mimi ni dereva au ni kondakta?

Tena jambo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na wageni. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya sabini na themanini tunakumbuka mchakamchaka. Alfajiri kuna umande, miguu mitupu, mwalimu mbele na nyimbo juu, tunazunguka kijiji ndipo tuingie darasani. Wazee wetu nao wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo na kufyeka vichaka. Angalieni neno lile lilivyo zito. Hawakusema mtu ana afya. Walisema mtu ni afya. Na Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi, watu wakusanyike Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Ni jambo jema sana. Lakini sisi wa vikoba tunajua hesabu: anayeweka mara moja kwa mwezi hawezi kulingana na anayeweka kila wiki. Jumamosi ile ni ya kuamsha. Siku nyingine ni zetu wenyewe.

Sasa tuingie kwenye kiini, ambacho ni nia na mazoea.

Jambo la kwanza ni kujua unafanya kwa ajili ya nini. Wako wanaoanza mazoezi kwa sababu ya harusi. Anataka lile gauni limkae. Harusi ikipita, na mazoezi yamepita. Wako wanaoanza kwa sababu ya mizani. Anapima leo, anapima kesho, mizani haisogei, anakata tamaa. Sisi tulikubaliana tusihesabu kilo. Tuhesabu siku. Na kipimo cha nguvu tuliweka cha kwetu wenyewe: mkeka. Je, unaweza kukaa chini mkekani na kuinuka bila kushika ukuta wala bega la mwenzako? Huo ndio mtihani wetu. Mwanamke wa pwani maisha yake yote yako mkekani. Shughuli ni mkekani, msiba ni mkekani, kula pamoja ni mkekani. Siku unaposhindwa kuinuka mkekani, unaanza kutafutiwa kiti pembeni, na ukishakaa kitini peke yako mazungumzo yote yanakupita chini.

Tulipoanza, karibu nusu yetu tulihitaji ukuta. Leo Mgeni Rasmi tukikuomba ukae, utaona tutakavyoinuka kukupigia makofi.

Jambo la pili ni midomo ya watu. Hili tuliseme bila kuficha, maana ndilo linalowarudisha wengi nyumbani. Kwetu mwanamke akinenepa huambiwa amependeza, mumewe anamtunza. Akipungua kidogo maneno yanaanza: ana nini yule, mbona amekwisha? Wengine wanamtajia na maradhi. Na mwanamke mtu mzima akionekana anakwenda mbio mbio barabarani alfajiri, watoto wanamcheka na watu wazima wanaguna. Tuliyasikia yote. Mwenzetu mmoja aliulizwa na shemeji yake kama kuna mtu anamfuata huko Raskazone.

Dawa yake tuliipata katika wingi. Mmoja akitembea peke yake ni kichekesho. Watano wakitembea ni kikundi. Ishirini wakitembea ni utaratibu wa mtaa, na watu wanaanza kuutazamia. Siku hizi muuza magazeti anajua saa kwa kutuona sisi tunapita. Na jibu tulilokubaliana ni moja, kila mtu analijua kwa moyo. Ukiulizwa mbona umepungua, jibu: sijapungua, nimekaza. Basi. Huna haja ya kueleza zaidi.

Jambo la tatu, usingojee hamu. Hamu ni mgeni, anakuja akipenda na anaondoka bila kuaga. Kama hisa zetu zingengojea siku tunayojisikia kuweka, sanduku lingekuwa na panya tu. Tunaweka kwa sababu ni Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya kikao. Basi na mwili tumeupa siku zake: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa 12 asubuhi. Waislamu tumekwisha swali alfajiri, Wakristo tumekwisha omba, jua halijawa kali. Raba na kanga vinawekwa mlangoni tangu usiku, ili asubuhi usianze kutafuta, maana katika kutafuta ndimo shetani wa uvivu anamokaa. Huamki ukajiuliza niende nisiende. Swali hilo lilikwisha jibiwa kikaoni.

Mvua za masika zikipiga, hatuendi, lakini hatuachi. Tunafanya ndani. Unakaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi, unapumzika, unarudia. Unasukuma ukuta kwa mikono miwili. Unachukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu unazipandisha na kuzishusha. Haya ndiyo yale mazoezi ya misuli aliyoyasema mhudumu, na kwetu sisi wanawake ni ya lazima zaidi, kwa kuwa hedhi ikikoma mifupa inaanza kupoteza uimara wake. Misuli ndiyo inayoishikilia. Na mwezi wa Ramadhani tunabadilisha saa, tunatembea kidogo jioni kabla ya kufuturu au baada ya tarawehe, kila mtu kwa uwezo wake. Siku inabadilika, saa inabadilika, lakini kitabu hakifungwi.

Jambo la nne ni kuanza na kidogo. Kikundi hiki kilianza na hisa ya shilingi elfu mbili. Wako waliotucheka. Hata huu mtindo wenyewe wa kuwekeana ulianzia kwa wanawake wa vijijini kule Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na wale akina mama wengi hawakujua kusoma. Walichokuwa nacho ni utaratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwenye mazoezi ni hivyo hivyo. Wiki mbili za kwanza tulitembea dakika kumi tu, tunafika pale kona tunarudi. Kuna waliotaka wakimbie siku hiyo hiyo. Tukawaambia hapana, akina mama, mwenda pole hajikwai. Baadaye tukaongeza dakika tano kila wiki mbili. Sasa tunakwenda mpaka tunaiona bahari na kurudi, dakika 40, na wale wenye nguvu zaidi wanazunguka tena.

Hapa tuseme na la tahadhari. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aanze kwanza kwenye zahanati apimwe na kushauriwa. Asiache dawa zake kwa sababu ameanza kutembea, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakukataa, simama, sema, upelekwe. Mwenye kisukari akague miguu yake kila siku, kwa kuwa kidonda kinaweza kumwingia bila kuhisi. Na kandambili si viatu vya safari hii. Raba za mitumba zinatosha, ilimradi hazibani.

Jambo la tano ni kundi la watano. Wanavikoba mnajua, tumegawanyika watano watano, na kila kundi linadhaminiana katika mikopo. Tuliamua dhamana hiyo hiyo iende na kwenye miguu. Watano wanaokaa jirani wanapitiana mlangoni. Si kupiga simu, ni kubisha hodi. Ni vigumu sana kumwambia mtu aliyesimama mlangoni kwako na kanga kiunoni kwamba wewe umeamua kulala.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa palitokea mabishano makubwa, tena ya vikao vitatu. Baadhi yetu walitaka asiyekuja atozwe faini kama anavyotozwa aliyechelewa kikao. Walikuwa na hoja yao nzuri tu: faini ndiyo iliyotunyoosha kwenye fedha. Wengine wakasema hapana, mtu akishalipa faini anaona amemaliza deni lake, analala kwa raha, amenunua usingizi wake. Na mwenye shida ya kweli, anayeuguza mtoto, tutamtoza kwa huruma gani? Mwisho tulipiga kura. Faini ikakataliwa. Badala yake tukaweka kwamba mtu akikosa siku mbili mfululizo, wawili wa kundi lake wanakwenda kumwona siku hiyo hiyo. Hawaendi kumsuta. Wanakwenda kujua. Na mara nyingi wamekuta jambo zito: mume amehama, mtoto anaumwa, biashara imekufa. Kwa hiyo kutembea kumetusaidia kujuana kuliko hata mikopo. Kwenye mkopo mtu anakueleza shida yake ya fedha. Njiani alfajiri, mkiwa bega kwa bega hamtazamani usoni, anakueleza shida zake zote.

Jambo la sita ni kurudi. Hili tunaomba lisikike mpaka nyuma. Kila mtu atakatiza. Kuna msiba, kuna safari, kuna homa. Hatari haiko katika kukosa siku moja. Hatari ni pale mtu anaposema, kwa vile nimekosa basi imekwisha haribika, nitaanza tena mwezi ujao. Yule binti yetu wa uuguzi alitusomea utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London, University College London, uliotolewa mwaka 2009. Waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajifunza zoea jipya. Wakakuta kwa wastani zoea lilichukua siku 66 mpaka likawa linakuja lenyewe bila kujilazimisha. Kwa wengine siku 18 zilitosha, na wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Wakakuta tena kwamba kukosa mara moja hakukuvunja kitu kikubwa. Sasa mwenzangu, kama wewe umefika siku ya thelathini bado unaona uzito, usiseme mimi sikuumbiwa haya. Bado tu hujafika. Pengine wewe ni wa siku mia. Usimtazame jirani.

Wala usione aibu kuwa wa mwisho. Watanzania tunaye mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968 katika michezo ya Olimpiki kule Mexico alikimbia marathoni, akaanguka njiani na kuumia goti. Wakimbiaji 18 waliiacha mbio ile. Yeye aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wamekwisha ondoka. Akamaliza. Mpaka leo dunia inamkumbuka Akhwari. Yule mwenzetu wa mstari wa mbele tuliyemtaja, alianza na mkongojo kutoka kizingitini kwake mpaka kwenye mwembe. Leo anakwenda barabara tatu na kurudi. Huwa anafika wa mwisho, na tunamngojea wote. Hatujawahi kuondoka kabla hajafika.

Jambo la saba, na ndilo tulilolipa jina la hotuba hii. Katika mambo yote mazoezi yanafanana na hisa, isipokuwa moja. Fedha ukiiweka ikakaa, utaikuta. Ukiumwa miezi sita, hisa zako za mwaka juzi ziko pale pale sandukuni na kufuli zake tatu. Mwili sivyo. Mwili hauli akiba ya zamani. Hata mchezaji hodari akiacha mazoezi, pumzi inaanza kupungua ndani ya wiki chache, na misuli nayo inafuata. Kwa hiyo mtu asituambie mimi nilikuwa mkimbiaji shuleni, mimi nilicheza netiboli mpaka mkoa. Hongera, lakini hizo ulikwisha zitumia zamani. Swali ni wiki hii umeweka nini? Hili linaonekana kama habari mbaya, lakini ligeuzeni mlione upande wa pili. Kama akiba ya zamani haisaidii, basi na uvivu wa zamani haukufungi. Mwenye miaka hamsini na tano ambaye hajawahi kutembea anaweza kuanza Jumatatu, na mwili utampokea bila kumuuliza alikuwa wapi.

Tuguse chakula kidogo tu, maana huwezi kujaza ndoo iliyotoboka. Hatukukataza mtu wali wa nazi, nani atakubali? Tuliondoa soda kwenye vikao vyetu, tukaweka maji na machungwa. Machungwa ya Muheza yamejaa hapa Tanga, tena ni rahisi kuliko soda. Sukari kwenye chai tulipunguza kijiko kimoja kwanza, tukakaa nacho hivyo mpaka ulimi ukazoea, ndipo kingine. Na mboga za majani zisiwe pambo la sahani, ziwe chakula.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi matatu. La kwanza kwako na kwa Ndugu Diwani: tunaomba taa za barabarani katika njia tunayopita, kwa kuwa miezi fulani saa hizo bado kuna kiza na bodaboda hawatuoni. Hatuombi fedha, tunaomba kuonekana. La pili kwa waume zetu: saa 12 asubuhi mara tatu kwa wiki muwaangalie watoto, muwape chai, muwavalishe sare. Mnaofanya hivyo tayari tunawajua na tunawashukuru, tena mbele za watu. Mke mwenye miguu yake ni nafuu kuliko mke wa kubebwa. La tatu kwa wanawake wenzetu wa mtaa huu ambao si wanakikundi: kwenye hisa kuna fomu na kiingilio, lakini kwenye kutembea hakuna. Mlango uko wazi. Simama mlangoni kwako, tutakupitia.

Na kwa wanakikundi wenyewe tunasema hivi. Miaka kumi iliyopita tulijifunga kibwebwe tukaanza na elfu mbili mbili. Leo wengine wamejenga, wengine wamesomesha. Miaka kumi ijayo wengi wetu tutakuwa na umri wa sitini na zaidi. Kitabu cha hisa kitaonyesha tunacho kiasi gani. Lakini tutapenda tuje kwenye sherehe ya miaka ishirini kwa miguu yetu, tukae mkekani, na tuinuke wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wa kuinama ni yule ambaye mgongo na magoti yake bado yanamkubalia.

Kesho kutwa ni Jumatatu. Raba mlangoni usiku, saa 12 kamili pale kona. Sherehe ya leo isiwe sababu ya mtu kulala.

Akina mama oyee! Mtu ni afya!